Mbwa anajikuna: aleji ya chakula, viroboto, au posho tupu?

Mbwa akianza kujikuna, wenye mbwa hapa Uganda hugawanyika. Wengine hukimbilia dawa ya kuogeshea, ileile ya ng'ombe. Wengine husema huyu ana aleji ya chakula, wakamnyima posho, yaani ugali wa mahindi, wiki moja, wakaona hakuna kilichobadilika, wakarudi palepale. Shida ni kwamba chakula humharibia mbwa ngozi kwa njia mbili zisizofanana: kwa kitu kilichomo ambacho mwili wake unakikataa, na kwa kitu kilichokosekana. Ya kwanza ndiyo aleji. Ya pili ni utapiamlo, na kwa mbwa walinzi wa mijini wanaoishi kwa posho na mifupa, ningeanza kuishuku hiyo ya pili mapema kuliko watu wengi wanavyofanya.

Tuanze na mwili wa mbwa: anajikuna wapi, ngozi ikoje, nani mwingine nyumbani anawashwa. Sahani yake tutaifikia. Kujaribu chakula ni kazi ya miezi miwili, ilhali kiroboto unaweza kumpata leo jioni.

Anajitafuna mgongoni, kuelekea mkiani

Fungua manyoya pale mkia unapoanzia, na nyuma ya mapaja. Kama hapo ndipo palipochubuka na kunyonyoka, mshukiwa wa kwanza ni kiroboto, hata kama humwoni. Mbwa mwenye aleji ya mate ya kiroboto hahitaji viroboto wengi. Wachache wakimuuma anawashwa siku kadhaa, na kwa vile anajitafuna mchana kutwa, wale ambao ungewaona anakuwa ameshawameza. Mchane kwa kitana chenye meno yaliyobanana, ukung'ute kile kilichotoka juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Vumbi jeusi likiyeyuka na kuacha doa la rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mbwa wako.

Hapo usiguse chakula kwanza. Tibu mbwa, paka na kila mnyama mwenye manyoya katika ua kwa wakati mmoja, fua au choma matandiko, fagia nyufa za banda. Kiroboto aliye ndani ya kifukofuko chake anaweza kungoja miezi kabla ya kutoka, kwa hiyo dawa ya mwezi mmoja haitoshi. Endelea walau mitatu. Ukiwa na kuku wanaolala karibu na banda la mbwa, angalia pia kingo za macho na masikio: kiroboto wa kuku hung'ang'ania hapo kama punje nyeusi na haruki ukimgusa.

Na hapa niseme jambo kuhusu dawa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi si ya kukadiria kwa jicho. Ikizidi, mbwa analegea na mapigo ya moyo yanapungua. Ivermektini, dawa ya minyoo na wadudu, ile ya sindano ya ng'ombe, inaweza kumuua mbwa wa ukoo wa Collie, na baadhi ya German Shepherd nao wana udhaifu huohuo wa kurithi, na mjini hapa kila nyumba ya tatu inataka German Shepherd. Oili chafu ya gari, ambayo bado watu wanampaka mbwa mwenye upele, ni sumu tupu: inaingia kupitia ngozi, na mbwa anailamba.

Masikio na viwiko vina ukoko, na watoto nao wanajikuna

Huo ni upele wa utitiri mpaka daktari aseme vinginevyo. Huanzia kingo za masikio, viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma na tumbo. Sugua ukingo wa sikio lake kwa kidole gumba na cha shahada. Mguu wa nyuma ukianza kujikuna hewani wenyewe, umepata dalili nzuri. Wanaolala au kucheza naye hutokwa vipele mikononi na kiunoni. Chakula hakihusiki.

Mbwa mdogo mwenye mabaka ya upara usoni na miguuni, asiyejikuna sana, ana uwezekano wa utitiri wa aina nyingine unaoishi ndani ya vinyweleo. Huyo apelekwe akakwanguliwe ngozi na kuangaliwa kwa hadubini. Ni kipimo cha dakika chache, na kliniki yoyote yenye hadubini inaweza kukifanya.

Analamba nyayo bila kuacha

Watu wa Busoga, mashariki mwa Uganda, watanielewa haraka: kabla ya kusema aleji, geuza unyayo uangalie funza. Mbwa na nguruwe hubeba funza kama binadamu, na mbwa mmoja wa kijijini anaweza kuwa ndiye anayewarudisha nyumbani kila mnapowaondoa. Tafuta uvimbe wenye kitundu cheusi katikati, hasa kwenye ngozi nene ya chini ya nyayo na kati ya vidole.

Nyayo zikiwa safi, lakini manyoya kati ya vidole yamegeuka rangi ya kutu kwa mate, na miguu yote minne inalambwa, sasa ndipo aleji inapoingia mezani. Mguu mmoja tu? Tafuta mwiba.

Masikio, nyayo, makwapa na chini ya mkia, mwaka mzima

Hii ndiyo picha ya aleji yenyewe. Masikio yanawaka moto na kunuka, yanatibiwa, yanapona, yanarudi. Anajisugua uso kwenye zulia. Anaburuza makalio, ingawa dawa ya minyoo amepewa na tezi za kando ya tundu la haja kubwa zimekamuliwa. Ngozi ya makwapa na kinena inakuwa nyeusi, nene, yenye mafuta na harufu ya kitu kilichovunda. Hiyo ni fangasi iliyojipatia makao juu ya ngozi iliyokwisha kuharibika.

Swali ni moja: aleji ya chakula au ya mazingira, yaani vumbi, utitiri wa vumbi, chavua, ukungu? Vitabu vya Ulaya hutoa jibu rahisi: akiwashwa kiangazi tu ni chavua, akiwashwa mwaka mzima shuku chakula. Kanuni hiyo kwetu haina nguvu sana. Hatuna majira ya baridi ya kuua majani, nyasi za Kampala zinachanua karibu muda wote, na mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba zinauweka ukungu ukutani. Mbwa wa hapa mwenye aleji ya vumbi naye anajikuna mwaka mzima.

Kinachosaidia zaidi ni dalili za pembeni. Mwasho ulioanza kabla hajafikisha mwaka mmoja, au ulioanza uzeeni kwa mbwa ambaye hakuwahi kuwashwa, unaelekeza kwenye chakula. Tumbo pia: anajisaidia zaidi ya mara tatu kwa siku, kinyesi laini, gesi, kutapika mara kwa mara. Ngozi na tumbo vikilalamika pamoja, shuku sahani. Lakini dalili hizi zinaongeza uzito wa shaka tu, hazitoi hukumu.

Usipoteze pesa kwa vipimo vya damu, mate au manyoya vinavyodai kutaja chakula kinachomdhuru mbwa. Kwa aleji ya chakula haviaminiki. Mbwa mzima kabisa anaweza kurudishiwa orodha ndefu ya vyakula vya kukwepa. Kipimo kinachokubalika ni kimoja, kile cha kumlisha chakula kipya na kusubiri.

Nani anayelaumiwa bure, na nani hasa mwenye kesi

Posho hulaumiwa sana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya mbwa 297 wenye aleji ya chakula iliyothibitishwa, ulikuta nyama ya ng'ombe ikiwasumbua asilimia 34, maziwa na mazao yake 17, kuku 15, ngano 13. Mahindi yalikuwa asilimia 4 tu. Mbwa mmoja anaweza kuwa na zaidi ya kimoja, na mbwa hao hawakuwa wa Uganda, lakini mpangilio huo unafaa kukaa kichwani: karibu kila mara mkosaji ni protini, na ni protini ya kila siku.

Sasa fikiria mbwa wa kawaida wa Kampala. Posho imepikwa na mapafu, matumbo au damu ya ng'ombe kutoka machinjioni. Ndani yake kuna mukene, yaani dagaa. Jumapili kuna vichwa na miguu ya kuku. Asubuhi mtoto anammalizia chai ya maziwa. Ukiondoa posho ukaacha mapafu, umemfukuza shahidi na kumwacha mshtakiwa ndani.

Wenye mbwa hujibu, "Lakini amekula hivyo tangu mdogo." Ndivyo inavyokuwa. Aleji hujengeka kwa kitu ambacho mwili umekutana nacho mara nyingi. Mbwa anaweza kula mapafu miaka minne na kuanza kuwashwa mwaka wa tano.

Manyoya makavu, magamba, hajikuni sana

Huyu si wa aleji, na kumwondolea vyakula kutamzidishia shida. Manyoya yamepauka na kukatika, mba imejaa mgongoni, vidonda havifungi haraka, pengine ameanza kukonda. Muulize anayempikia anampa nini, usimuulize bosi wa nyumba. Jibu likiwa posho na mifupa, umemaliza uchunguzi. Manyoya yanatengenezwa kwa protini, na ngozi inahitaji mafuta ambayo mwili wa mbwa hauwezi kujitengenezea. Posho haina vya kutosha vyote viwili, na mfupa uliokwisha kutafunwa na watu hauna cha kuongeza zaidi ya hatari ya kumkwama kooni.

Magamba mazito kuzunguka macho na mdomo, kwenye viwiko na nyayo zilizokuwa ngumu na kupasuka, hasa kwa mtoto wa mbwa anayekua kwa kasi, yana sababu yake maalumu: upungufu wa zinki. Mahindi, na pumba zake hasa, yana fitati, kitu kinachoishika zinki tumboni isifyonzwe. Mwenye mbwa akiongeza unga wa mifupa kwa nia njema, kalsiamu iliyozidi inaizuia zinki zaidi. Husky, ambaye siku hizi utamkuta hata Kampala na joto lake, ana tatizo kama hili la kurithi bila kujali anakula nini. Usinunue vidonge vya zinki na kubahatisha. Ikizidi ni sumu.

Dawa ya utapiamlo ni kuongeza, si kupunguza: nyama au samaki wa kweli ndani ya sufuria, yai lililopikwa, kijiko cha mafuta ya alizeti. Mukene unafaa sana kama si ule wa mifugo uliokaushwa chini na kujaa mchanga, na kama haunuki mafuta yaliyochacha. Ngozi ikipata inachotaka, tegemea kuona tofauti baada ya wiki sita hivi, kwa sababu manyoya mapya lazima yaote.

Na kama unga wenyewe una ukungu, mada imebadilika kabisa. Sumu kuvu haitoki kwa kupika, na kwa mbwa hupiga ini: anakataa chakula, anatapika, macho na ufizi vinageuka njano. Mahindi yetu yanajulikana kwa hilo kiasi kwamba Kenya iliyazuia kuingia, pamoja na ya Tanzania, Machi 2021. Unga usiofaa kwa watu haufai kwa mbwa. Mbwa mwenye macho ya njano aende kliniki siku hiyohiyo.

Jaribio la wiki nane

Umeshamaliza viroboto, upele umeondolewa hesabuni, masikio na ngozi iliyoambukizwa vimetibiwa, na bado anawashwa. Sasa jaribu chakula. Kanuni ni fupi: protini moja ambayo hajawahi kula, wanga mmoja, maji, na hakuna kingine, kwa wiki nane. Zaidi ya asilimia 90 ya mbwa wenye aleji ya chakula huonyesha nafuu ndani ya muda huo. Wiki tatu hazitoshi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Kuchagua protini ndiko kunakohitaji akili. Vitabu vingi hupendekeza samaki. Kwa mbwa aliyelelewa kwa mukene, ngege au sangara si kitu kipya. Protini zinazoleta aleji zinafanana kati ya samaki na samaki. Mbuzi hufikiriwa kuwa tofauti na ng'ombe, lakini ni jamaa wa karibu mno kumtegemea. Zinabaki nyama mbili zinazopatikana bila shida: nguruwe na sungura. Nguruwe ni rahisi kupata, kuanzia machinjio ya Wambizzi pale Nalukolongo hadi kwenye vibanda vya kila mtaa. Ila kama mbwa huyu hupewa mabaki ya baa kila wikendi, nguruwe naye si mgeni kwake. Katika nyumba ya Waislamu, au penye askari Mwislamu ambaye ndiye mlishaji, usilazimishe: chukua sungura. Ukimlazimisha mtu kushika asichotaka kukishika, mbwa atalishwa kitu kingine usiku na hutaambiwa.

Wanga uwe viazi vitamu. Vinapatikana kila mahali, na mbwa wengi wanavipenda.

Mbwa mzima wa kilo 25 asiyefanya kazi nzito aanze na gramu 400 hivi za nyama iliyopikwa, isiyo na mafuta mengi, na gramu 500 za viazi vitamu vilivyochemshwa, pamoja na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti, vikigawanywa asubuhi na jioni. Mpime uzito kila baada ya wiki mbili, uongeze au upunguze. Nyama iive kabisa. Usitie chumvi, wala kitunguu maji, wala kitunguu saumu, wala kiungo cha mchuzi cha pakiti. Vitunguu huharibu chembe za damu za mbwa. Mlo huu hauna kalsiamu ya kutosha. Mbwa mzima mwenye afya ataumudu kwa wiki nane, ila mtoto wa mbwa au jike mwenye mimba asipewe bila daktari wa mifugo kuupanga. Kliniki kubwa za Kampala huuza pia chakula ambacho protini yake imevunjwavunjwa hadi mwili usiitambue. Ni kizuri kwa kazi hii, na bei yake itakushtua.

Wiki nane zimepita, hakuna kilichobadilika

Inawezekana si chakula. Kabla ya kusema hivyo, chunguza jaribio lenyewe, maana mara nyingi lina matundu. Kidonge cha viroboto cha kutafuna chenye ladha ya nyama kinaliharibu. Tumia dawa ya kudondosha mgongoni. Dawa ya minyoo iliyofichwa ndani ya kipande cha soseji, vilevile. Kipande cha rolex, ile chapati iliyoviringishwa na yai, kutoka kwa mtoto kina ngano na yai. Mfupa wa muchomo uliorushwa juu ya ukuta na jirani mwema unatosha. Mbwa anayefunguliwa usiku kulinda na kuzurura hadi kwenye lundo la takataka hajafanya jaribio lolote. Afungiwe ndani ya ua au avae kifunika mdomo cha wavu anachoweza kupumulia. Wengine hula sahani ya paka, au kinyesi cha kuku.

Askari wa zamu ya usiku aelezwe kwa maneno yake, si kwa karatasi iliyobandikwa jikoni. Mwambie sababu na muda, kisha umwachie chombo chenye vipande vya nyama ileile ya jaribio, ili akitaka kumtuza mbwa awe na cha kumpa. Katazo lisilo na mbadala haliishi wiki mbili.

Halafu kuna ile sindano. Mbwa wengi wanaojikuna huchomwa steroidi ya muda mrefu, mwasho unakoma kama umezimwa swichi, na baada ya wiki kadhaa unarudi. Ukianza jaribio siku hiyohiyo, utaisifu nyama ya nguruwe kwa kazi ya sindano. Kama mwasho ni mkali mno kungoja, mwombe daktari dawa ya muda mfupi ya wiki za mwanzo, isimamishwe kabla jaribio halijaisha ili wiki za mwisho zionyeshe ukweli.

Nafuu ya nusu nayo ina maana. Mbwa anaweza kuwa na aleji ya ng'ombe na ya vumbi kwa pamoja. Kumwondolea mojawapo kunampunguzia mzigo bila kuumaliza. Huyo atahitaji chakula salama na matibabu ya ngozi pia.

Amepona. Sasa mrudishie

Hapa watu hugoma, na ninawaelewa. Lakini nafuu peke yake haithibitishi kitu, kwa kuwa huenda mvua zimekoma tu, au viroboto wameisha. Mrudishie chakula chake cha zamani chote. Kama ni aleji ya chakula, mwasho utarudi, wakati mwingine ndani ya saa chache, kwa kawaida kabla ya siku 14 kwisha. Ukirudi, mrejeshe kwenye mlo wa jaribio hadi atulie.

Kisha jaribu kimoja kimoja, kila kimoja kwa wiki mbili, ukiandika tarehe na mahali anapojikuna: mapafu ya ng'ombe peke yake, halafu maziwa, kuku, mukene, chapati. Kinachomwasha kinasimamishwa palepale na kuandikwa. Anza na ng'ombe, kwa kuwa ndiye mwenye kesi nzito na ndiye aliyejaa katika chakula cha mbwa hapa. Posho iweke mwisho. Kuna uwezekano mkubwa ataimudu, na bajeti yako itapumua, mradi ndani ya sufuria kuna mukene au nyama anayoiweza.

Mlo wa kudumu upitiwe na daktari wa mifugo, pale kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Makerere au kwingine, aongeze kalsiamu na madini kwa kipimo. Nenda na orodha yako ya tarehe, na pakiti ya kila kitu anachokula, ikiwemo ile ya dawa ya minyoo.